Kachero, faili na kitabu: kisa cha Gary Aldrich

Mwishoni mwa Juni 1996, ikiwa imebaki miezi minne na ushee Wamarekani waamue kati ya Rais Bill Clinton wa Democratic na mpinzani wake wa Republican, Bob Dole, kitabu kimoja kiliingia madukani na kuuteka mji wa Washington kwa wiki kadhaa. Mwandishi wake, Gary Aldrich, hakuwa mwanasiasa wala mwanahabari. Alikuwa kachero wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, aliyestaafu mwaka 1995 baada ya utumishi wa miaka 26, na miaka yake ya mwisho kazini aliimalizia ndani ya White House, Ikulu ya Marekani. Kitabu kiliitwa Unlimited Access. Kilichapwa na Regnery, kampuni ya Washington inayojulikana kwa vitabu vya mrengo wa kulia, na haikuchukua muda kikashika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa zaidi.

Mambo yalikuwa mengi ndani yake, lakini kilichokipaisha ni dai moja. Aldrich aliandika kwamba Rais wa Marekani hutoroka usiku. Analala kiti cha nyuma cha gari, anafunikwa blanketi, dereva akidhaniwa kuwa msaidizi wake wa karibu Bruce Lindsey, na gari linaingia kwenye maegesho ya chini ya ardhi ya hoteli ya Marriott, mwendo mfupi kutoka Ikulu. Kutoka hapo Rais anapanda lifti kwenda kukutana na mwanamke.

Dai la namna hii likitoka kwenye gazeti la udaku, mtu anacheka na kufunua ukurasa unaofuata. Hili lilitoka kwa mtu wa beji, mtu aliyepita mageti ya White House kila asubuhi, ambaye kazi yake ilikuwa kujua siri za wanaoingia humo. Huku kwetu nako mambo ni hayo hayo. Ukianza habari na "chanzo cha ndani kabisa kimeniambia", au ukitaja kwamba anayesema ni mstaafu wa usalama, nusu ya wasikilizaji wameshaamini kabla hujamaliza sentensi. Ndiyo maana naona kisa cha Aldrich kinastahili kupitiwa taratibu, hatua kwa hatua, na mtu asiye na ushabiki na Clinton wala na Dole.

Ninavyokiona, Aldrich hakuhitaji kuwa mwongo ili apotoshe watu. Aliendelea kufanya kile alichokifanya miaka yote, yaani kukusanya maneno ya watu. Tatizo ni kwamba katika kazi yake ya zamani kulikuwa na mtu mwingine wa kuyapima maneno hayo, na kwenye kitabu hakuwepo.

Kazi yenyewe ilikuwaje

Mtu akiteuliwa kufanya kazi White House, hufanyiwa upekuzi. Anajaza fomu ndefu inayoitwa SF-86: alikoishi, alikosoma, alikofanya kazi, ndugu zake, safari za nje, madeni, kama amewahi kutumia dawa za kulevya. Fomu ikifika FBI, makachero wanasambaa. Mmoja anamhoji mwajiri wa zamani, mwingine anabisha hodi kwa jirani, mwingine anapekua kumbukumbu za polisi na za mahakama. Kila anayehojiwa, maneno yake yanaandikwa. Akisema mteuliwa ni mlevi, inaandikwa. Akisema amesikia kwa shemeji yake kwamba mteuliwa aliwahi kumpiga mkewe, nayo inaandikwa. Aliyeomba jina lake lisitajwe, jina linafichwa na maneno yanabaki.

Watu wengi hawajui kwamba FBI katika kazi hii haitoi hukumu. Inakusanya, inafanya muhtasari, inaupeleka kwenye ofisi ya mwanasheria wa White House. Huko ndiko mtu anakaa na karatasi na kujiuliza maswali ya busara. Jirani huyu ana kinyongo gani? Shemeji naye alihojiwa? Tukio la mwaka fulani lina kumbukumbu yoyote polisi? Faili la upekuzi limejaa maneno mabichi kwa makusudi, kwa sababu linasubiri meza ya pili. Na linafungiwa kwa sababu hiyo hiyo: huenda ndani yake mna uongo ambao bado haujachujwa, na uongo huo una majina ya watu halisi.

Aldrich na mwenzake Dennis Sculimbrene ndio waliowekwa White House kwa kazi hiyo. Aldrich alifika wakati wa George H. W. Bush, kwenye Ikulu ya suti nyeusi na viatu vinavyong'aa. Tarehe 20 Januari 1993 wakaingia vijana wa Clinton waliotoka moja kwa moja kwenye kampeni, na kwake ilikuwa kama kuvamiwa. Kurasa nyingi za kitabu ni manung'uniko juu ya mavazi, hereni kwa wanaume, lugha chafu kwenye korido, na mapambo ya mti wa Krismasi aliyoyaona kuwa ya aibu. Sehemu hizo sina la kusema sana juu yake. Zinamweleza Aldrich kuliko zinavyoieleza serikali ya Clinton.

Lakini kulikuwa na jambo zito, na nataka lisipotee. Upekuzi wa watumishi wapya ulikuwa ukisuasua vibaya. Machi 1994, zaidi ya mwaka mzima baada ya Clinton kuapishwa, ilibainika kwamba watumishi wengi wa White House walikuwa bado wanatumia vitambulisho vya muda, akiwemo msemaji wa Rais, Dee Dee Myers. Maana yake ni kwamba watu walikuwa wakiingia na kutoka kwenye jengo linalolindwa kuliko yote nchini, wakishika nyaraka nyeti, na faili zao hazijafungwa. Baadaye, kwenye vikao vya Bunge vya mwaka 1996, ikathibitika pia kwamba baadhi ya watumishi walikuwa na historia ya karibu ya dawa za kulevya na walipewa kazi kwa sharti la kupimwa mara kwa mara. Aldrich alikuwa mlangoni pa mambo haya. Aliyaona kwa macho, aliyashika kwa mikono, na alikuwa sahihi kuyapigia kelele.

Alikuwa pia na jambo la pili la aina hiyo. Mkuu wa ofisi ya usalama wa watumishi, yule ambaye makachero wa FBI walipaswa kushirikiana naye kila siku, alikuwa Craig Livingstone, mtu wa kampeni asiye na uzoefu wowote wa maana wa usalama. Aldrich anasimulia kwamba alimwonya William Kennedy, mwanasheria msaidizi wa White House, kuwa mtu huyu hafai. Kwa maelezo yake, Kennedy alimjibu kwamba hakuna la kujadili, suala limekwisha, Hillary Clinton anamtaka. Kennedy alikana.

Hapa tuna maongezi kati ya watu wawili wanaojulikana kwa majina, ndani ya ofisi inayojulikana, juu ya jambo la umma. Mmoja anasema yalikuwepo, mwingine anasema hayakuwepo. Ushahidi wa namna hii unaweza kupelekwa mbele ya kamati ya Bunge, wote wawili wakaapishwa, maswali yakaulizwa. Aldrich hakuambiwa habari hii na mtu mwingine. Alisema mwenyewe aliisikia, kwa masikio yake.

Juni ya mafaili

Kitabu kilipata bahati ambayo wachapishaji huiota. Wiki chache kabla hakijatoka, mwanzoni mwa Juni 1996, iligundulika kwamba ofisi ya Livingstone ilikuwa imeagiza na kupewa na FBI mamia ya mafaili ya upekuzi ya watu waliofanya kazi katika serikali za Republican zilizopita. Aliyeyaagiza ni Anthony Marceca, mtumishi wa raia kutoka jeshini aliyeazimwa kumsaidia Livingstone. White House ilijitetea kwamba walifuata orodha iliyopitwa na wakati ya Secret Service, kikosi kinachomlinda Rais. Mkurugenzi wa FBI, Louis Freeh, alikiri hadharani kwamba mafaili yale yalitoka bila sababu halali, na kwamba yeye na shirika lake walikuwa wamehadaiwa. Tarehe 26 Juni Livingstone alijiuzulu akiwa mbele ya kamati ya Bunge. Siku hizo hizo kitabu cha Aldrich kinaingia sokoni.

Nchi nzima ilikuwa inauliza: huyu Livingstone ni nani, na nani alimwajiri? Swali hilo likapokelewa na wakubwa kama mpira wa moto, kila aliyehojiwa akielekeza kwingine. Na hapo anatokea mtu aliyekaa ofisi jirani kwa miaka, akisema: mimi najua, niliambiwa.

Nikilifikiria kosa la Livingstone na Marceca, naona ni hili: maneno mabichi ya watu, yaliyokusanywa kwa ahadi kwamba yatabaki kwenye mkondo wake, yalifikishwa kwa watu wasiostahili kuyaona. Wanawake na wanaume waliokuwa wameacha kazi serikalini zamani walijikuta wakijiuliza ni nani amesoma alichosema jirani yao mwaka ule. Hasira ya umma ilikuwa halali kabisa, na Aldrich aliishiriki kwa moyo wote. Halafu akafanya jambo la jamaa moja na hilo hilo, kwa upana mkubwa zaidi. Alichukua alichoambiwa na watu, mengine kutoka kwa watu asiowataja, akakiweka kwenye jalada gumu na kukiuza kwa yeyote mwenye hela.

Blanketi

Jumapili ya tarehe 30 Juni Aldrich alikaa mbele ya kamera za kituo cha televisheni cha ABC kwenye kipindi cha This Week. Maofisa wa White House walikuwa wameishinikiza ABC isimpe nafasi, ABC ikakataa. Baada ya mahojiano hayo, Larry King wa CNN na kipindi cha Dateline cha NBC walifuta mialiko yao. Shinikizo hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa kosa la kipumbavu la Ikulu. Liliwapa wafuasi wa Aldrich hoja tamu kuliko zote: kama ni uongo, mbona mnahangaika?

Ila walichokisahau wafuasi hao ni nani aliyembana Aldrich siku ile. Aliyembana sana alikuwa George Will, mwandishi wa kihafidhina anayejulikana, ambaye mkewe alikuwa akifanya kazi kwenye kampeni ya Dole. Kama kuna mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuipenda habari ya Marriott, ni yeye. Akaanza kuuliza maswali ya mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza. Ulimwona Rais akiingia hotelini? Hapana. Ulizungumza na aliyemwona? Unategemea nini basi? Majibu ya Aldrich yakaishia kwa chanzo ambacho hakukitaja.

Chanzo hicho kitabuni kilielezwa kama mchunguzi mwenye elimu na uzoefu mkubwa. Msomaji wa kawaida, akisoma maneno hayo kutoka kwa kachero wa FBI, anawaza nini? Anawaza kachero mwenzake. Anawaza mtu wa Secret Service. Siku chache baadaye Michael Isikoff wa jarida la Newsweek akafichua kwamba mtu huyo alikuwa David Brock, mwandishi wa jarida la American Spectator, yule yule aliyekuwa ameandika, mwishoni mwa 1993, habari za wanawake wa Clinton zilizosimuliwa na askari wa Arkansas, jimbo alilokuwa gavana wake. Na Brock mwenyewe akasema wazi: alimtajia Aldrich jambo hilo kama tetesi tu, tetesi ambayo yeye mwandishi hakuweza kuithibitisha.

Tazama safari ya dai hili. Fulani anamnong'oneza Brock. Brock anajaribu kulithibitisha, linamshinda, kwa hiyo halichapishi. Anamtajia Aldrich. Aldrich analipeleka Regnery. Likitoka upande wa pili lina muhuri wa FBI. Jambo ambalo mwandishi wa jarida lililomchukia Clinton waziwazi aliona halifai kuchapishwa, kachero aliona linafaa. Hapa sioni sababu ya kumwita Aldrich mwongo. Aliamini. Kwa miaka 26 alikuwa akiandika "mhojiwa alisema hivi" na kupeleka mbele, na kwa miaka 26 hakuna aliyemuuliza mhojiwa alijuaje, kwa sababu swali hilo lilikuwa la mtu mwingine.

Hebu mtu alichukue dai hili la gari na kulifanyia kazi kidogo tu. Rais wa Marekani haamki akatoka. Nje ya mlango wake wamesimama walinzi. Mageti yana askari wa Secret Service wenye sare, na kila gari linaloingia au kutoka linaandikwa. Hoteli ya Marriott ina wahudumu wa maegesho, wa mapokezi, wa usafi wa vyumba. Kama jambo hilo lilitokea zaidi ya mara moja, idadi ya watu ambao wangepaswa kulijua ni kubwa, na kachero aliyestaafu na beji zake anajua vizuri kuliko mimi mahali pa kwenda kuwauliza. Hatua ya kwanza ingekuwa mchana mmoja wa kuzungumza na walinzi wa maegesho. Kitabu hakimwonyeshi msomaji hata hatua hiyo moja.

Mswada uliotembea

Upande wa pili wa kisa nao haukuwa safi, na hapa nasimama na Aldrich.

Watumishi wa FBI husaini mkataba kwamba wakitaka kuandika juu ya kazi yao, mswada lazima upitiwe kwanza na shirika. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeukaza mlango huo mwaka 1980 katika kesi ya Frank Snepp, mstaafu wa CIA aliyechapisha mwaka 1977 kitabu juu ya kuanguka kwa Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, bila kupitisha mswada. Serikali haikudai kwamba alitoa siri yoyote. Ilidai tu kwamba alivunja ahadi, na mahakama ikaamuru mapato yake ya kitabu yaende serikalini. Aldrich alilijua hilo. Aliwasilisha mswada wake, FBI ikataka baadhi ya mambo yaondolewe, mvutano ukarefuka, na mwishowe akachapisha bila kupata kibali kamili.

Ukiishia hapo utasema alivunja utaratibu. Lakini Agosti 1996 ikajulikana kwamba mwanasheria mkuu wa FBI, Howard Shapiro, alikuwa ameshaipatia White House nakala ya mswada huo miezi kadhaa kabla. Fikiria maana yake. Mtumishi anafuata sheria, anapeleka maandishi yake kwa mwajiri ili yakaguliwe kama yana siri za dola, na mwajiri anayachukua na kumkabidhi yule anayelalamikiwa. Ukaguzi uliowekwa kulinda nchi ukageuka kengele ya kuwaamsha wakubwa. Hakuna namna ya kulitetea jambo hili, na waliolikemea Bungeni walikuwa na haki. Mtu yeyote anayefikiria kufichua uovu wa ofisi yake, akisikia habari hiyo, atajifunza kutokufuata utaratibu.

Shapiro huyo huyo ndiye aliyehusika kwenye sakata la mwenzake Aldrich. Mwezi Julai 1996 wachunguzi wa kamati ya Bunge iliyoongozwa na William Clinger walikuta, ndani ya faili la FBI la Livingstone, ripoti iliyoandikwa na Sculimbrene mwezi Machi 1993. Ilikuwa muhtasari wa mahojiano yake na Bernard Nussbaum, mwanasheria wa White House wakati huo. Ndani yake mlikuwa na maelezo kwamba Livingstone alikuja na mapendekezo mazuri kutoka kwa Hillary Clinton, aliyemfahamu mama yake. Nussbaum alikuwa ameshaapa mbele ya kamati kwamba hajui nani alimleta Livingstone. Hillary Clinton alikana, na mama wa Livingstone naye alikana. Kabla kamati haijalitangaza, Shapiro aliitonya White House, na makachero wakatumwa nyumbani kwa Sculimbrene kumhoji juu ya maandishi yake mwenyewe ya miaka mitatu nyuma.

Sentensi moja ndani ya faili, na taasisi tatu za dola zinaigombania. Imeandikwa na kachero, lakini je, ni maneno ya Nussbaum kama alivyoyatamka? Ni jinsi kachero alivyoyaelewa? Ni kitu alichokisikia kwingine kwenye korido na kikaingia humo? Hivi ndivyo karatasi za upekuzi zilivyo, hata zikiandikwa na mtu mwaminifu kwa nia njema.

"Lisemwalo lipo"

Clinton alishinda Novemba 1996 kwa kura 379 za wajumbe dhidi ya 159 za Dole. Aldrich, ambaye ndiye mwanzilishi wa taasisi iitwayo Patrick Henry Center, akaendelea kuandika na kuhutubia, na kwa wasomaji wengi waheshimiwa akabaki mfano wa kachero aliyeuza jina lake. Halafu Januari 1998 likalipuka jina la Monica Lewinsky, msichana aliyekuwa mwanafunzi wa mafunzo ya kazi White House, akitajwa kuwa na uhusiano na Rais, na mahesabu yote yakabadilika.

Wafuasi wa Aldrich wakaibuka na kile ambacho kwa Kiswahili kina methali yake tayari: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Si mlimcheka? Si mlisema Rais hawezi? Naye Aldrich hakulikataa taji hilo.

Naiheshimu methali hiyo, lakini hapa ilitumika vibaya, na ni muhimu kuonyesha wapi. Uhusiano wa Clinton na Lewinsky ulianza Novemba 1995, siku ambazo shughuli nyingi za serikali zilisimama kwa kukosa bajeti. Aldrich alikuwa ameshaondoka kazini. Haukufanyika hotelini, wala chini ya blanketi. Ulifanyika kwenye chumba kidogo cha kusomea karibu na ofisi ya Rais, humo humo ndani ya jengo ambalo Aldrich alisema Rais analikimbia. Na ulithibitishwa kwa njia gani? Kwa kanda ambazo Linda Tripp, rafiki wa Lewinsky, alirekodi maongezi yao. Kwa gauni la buluu na kipimo cha vinasaba kilichofanyika kwenye maabara ya FBI. Kwa kumbukumbu za mageti na za simu. Kwa ushahidi wa kiapo wa Lewinsky. Kwa askari wa Secret Service waliolazimishwa na mahakama kutoa ushahidi baada ya serikali kushindwa kuwakinga.

Ukiyapanga hayo kando ya dai la Marriott utaona kwamba kila kitu kilichomkamata Clinton mwaka 1998 ndicho kilichokosekana mwaka 1996. Mwizi akikamatwa Jumanne na kuku wa jirani, haimaanishi kwamba aliiba mbuzi wako Jumapili. Tabia ya mtu inaweza kukufanya ulifuatilie dai. Haiwezi kulijaza dai nyama ambazo halikuwa nazo.

Uzi unaounganisha visa hivi viwili upo kweli, ila si ule waliouona wafuasi. Linda Tripp alikuwa mtumishi wa White House hadi alipohamishiwa Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi, mwaka 1994. Mwaka 1996, mwaka ule ule wa kitabu cha Aldrich, naye alipanga kuandika kitabu chake juu ya White House ya Clinton, akaunganishwa na wakala wa vitabu Lucianne Goldberg. Kitabu hicho hakikuandikwa. Mwaka uliofuata Tripp alimrudia Goldberg akiwa na habari za Lewinsky, na Goldberg akamshauri arekodi simu. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote juu ya kumrekodi rafiki yako kwa siri, na yangu ni makali. Lakini safari hii mwenye habari aliambiwa mapema kwamba neno lake peke yake halitatosha.

Kilichopimwa na kisichopimwa

Machi 2000 Robert Ray, aliyemrithi Kenneth Starr kama mwendesha mashtaka huru wa kuchunguza mambo ya Clinton na watu wake, alitoa ripoti yake juu ya mafaili ya FBI. Hakukuta ushahidi wa kuaminika kwamba Hillary Clinton au ofisa yeyote wa ngazi ya juu wa White House alihusika katika kuyaagiza. Suala la Nussbaum na sentensi ya Sculimbrene lilifungwa bila mashtaka. Ilibaki kesi ya madai iliyofunguliwa na waliochukuliwa mafaili yao, na hiyo ikaburuzwa hadi Machi 2010, miaka karibu 14, ndipo Jaji Royce Lamberth akaitupa, akiona kilichothibitika ni uzembe wa ofisi tu. Lamberth hakuwa jaji wa kuwabembeleza watu wa Clinton. Katika kesi hiyo hiyo aliwahi kuwa mkali mno kwao.

Kwa hiyo maneno ya faili yalipata meza ya pili, ikachelewa lakini ikafika. Maneno ya kitabu hayakuipata. Na yaliyoumia zaidi ni yale mazuri yaliyomo. Maongezi ya Aldrich na Kennedy juu ya Livingstone yalistahili kuchimbwa. Ilikuwa habari aliyoisikia mwenyewe, juu ya swali ambalo Bunge lilikuwa likiliuliza mchana kutwa, ikimhusu mtu aliyekuja kuaibisha Ikulu kwa mamia ya mafaili. Kama angekuja nayo peke yake, pamoja na tarehe za vitambulisho vya muda na orodha ya mafaili yaliyokaa wazi mwaka mzima, Kennedy asingeweza kuitikisa kwa neno moja. Lakini alikuja nayo akiwa ameshika blanketi la Marriott mkono wa pili, na baada ya tarehe 30 Juni ilimtosha Kennedy kusema hapana.